Wazee Wetu na Ugonjwa wa Kusahau

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Tumepewa nafasi ya kusema baada ya Mtunza Hazina, nayo si nafasi njema kwa msemaji yeyote, kwani watu wakisha kusikia hesabu za fedha huanza kutazama mlango na kuwaza chakula. Hata hivyo twashukuru, maana jambo tulilo nalo latoka katika hesabu zile zile mlizosomewa. Mmesikia ya kwamba sehemu kubwa ya fedha za chama mwaka huu, kama ilivyokuwa miaka yote, ilitumika kwa mazishi: majeneza, magari ya kuchukua maiti kutoka hapa Mombasa mpaka Voi na kupanda nayo Wundanyi, turubai, sufuria za kukodi, na nauli za wasindikizaji. Hakuna aliyenung'unika, wala sisi hatunung'uniki. Mtu wetu hazikwi kama mgeni. Lakini katika kurasa zote za daftari lile hamna hata senti moja iliyotolewa kwa ajili ya mzee aliye hai anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, wala kwa ajili ya yule anayemwangalia. Hilo ndilo tulilokuja kulisema.

Mwaka uliokwisha Kamati ilituagiza tuwazungukie wagonjwa wa chama, walioko mjini na walioko nyumbani vilimani. Tulikwenda tukidhani tutakuta miguu iliyovimba, macho yenye mtoto wa jicho, na vifua. Hayo tuliyakuta. Lakini katika nyumba kadha wa kadha, baada ya chai na salamu, mwenye nyumba alituita kando, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee hayuko sawa." Alisema hivyo kama mtu anayetaja deni. Sisi twaona ya kwamba neno linalosemwa kwa kunong'ona katika nyumba nyingi lafaa lisemwe mara moja kwa sauti mbele ya mkutano, ili kila mmoja ajue kwamba hayuko peke yake.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Madaktari huuita dimenshia. Sisi tutauita ugonjwa wa kusahau, ijapokuwa jina hilo halitoshi, kwani huanza na kusahau na kuishia mbali zaidi. Kila mzee husahau. Mtu akisahau alipoweka miwani yake, huo ni uzee tu, na wengi wetu tulio hapa hatuna haja ya kungoja uzee. Lakini mtu akiishika miwani mkononi asijue ni kitu cha nini, au akirudi kutoka kisimani anakoteka maji miaka 40 akapotea njia, hapo pana jambo lingine. Sisi tulio makarani twaweza kulifananisha na daftari kubwa la ofisini linaloliwa na mchwa kuanzia nyuma. Kurasa za mwisho, yaani za jana na juzi, huliwa kwanza. Kurasa za mwanzo, zilizoandikwa utotoni, hudumu muda mrefu. Kwa hiyo mama aweza kusahau kwamba amekula sasa hivi, akalalamika kwa jirani kwamba mkaza mwana wake amnyima chakula, na mama huyo huyo akakutajia majina ya watoto wote aliochunga nao mbuzi. Jirani akisikia majina yote yale yakitajwa bila kosa, husadiki na ya chakula. Ndivyo mkaza mwana anavyoharibiwa jina lake kijijini.

Wala huu si ugonjwa wa Wazungu, wala wa watu wa kwetu. Mwaka wa 1901 katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mwanamke mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, alipelekwa hospitali kwa daktari aitwaye Alois Alzheimer. Daktari alimwuliza jina lake, naye akalijibu. Akamwuliza jina la mume wake, naye akajibu kwa kutaja jina lake mwenyewe tena. Mama yule alifariki mwaka wa 1906, daktari akauchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona ndani yake takataka zilizogandamana na nyuzi zilizojisokota mahali pasipostahili. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule aliwaeleza madaktari wenzake habari hizo, na tangu mwaka wa 1910 aina ile ya ugonjwa imeitwa kwa jina lake. Ziko aina nyingine pia. Moja yatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hiyo huwapata hasa wenye shinikizo la damu na waliopata kiharusi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu ya kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa wa kusahau, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi zisizo tajiri, yaani nchi kama hii yetu.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ziko dawa ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda. Lakini wanachama wenzetu, msitoke hapa mkasema, "Basi, kwenda hospitali kuna faida gani?" Faida iko, tena kubwa. Mzee akianza ghafula kupayuka na kutowafahamu watu, yawezekana ana malaria, au maradhi ya njia ya mkojo, au dawa anazomeza zimepambana ndani ya mwili. Upungufu wa vitamini, tezi ya shingo isiyofanya kazi, na huzuni nzito baada ya kufiwa huweza pia kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Hayo yote yana tiba. Tena wako wazee ambao hawajasahau neno lolote. Hawasikii tu, na sisi twawajibia badala yao. Mpelekeni mzee akapimwe kwanza, ndipo mseme ana ugonjwa gani.

Sasa twaingia katika jambo zito, nasi twaomba radhi kwa wazee kulitaja mbele ya watoto waliomo ukumbini. Mwezi wa Mei 2008 katika nchi ya Kisii watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa na nyumba zao kuchomwa moto, wakisingiziwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko huko Kisii, upande wa Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa sababu hiyo hiyo. Wala tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Hapa jirani, katika Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa neno la uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba ambalo mtu fulani analitaka. Wako wazee waliokimbia makwao wakapewa hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze. Hatusemi ya kwamba kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa wa kusahau. Twasema hivi: fikirini mgonjwa wa kusahau alivyo. Huamka saa nane za usiku akatoka. Hupita njia isiyo yake. Hukutwa amesimama mlangoni pa mtu, nguo zimemlegea, akisema maneno na watu wasioonekana. Akiulizwa anafanya nini hapo, hana jibu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui. Akiulizwa kwa ukali, "Wewe mchawi, ndiyo au siyo?" huenda akajibu ndiyo, ili maneno yaishe arudi kwao akalale. Mtu ambaye kila dalili ya ugonjwa wake yafanana na kile wanachokiogopa majirani yu katika hatari kubwa kuliko aliyevunjika mguu. Anayemlinda ni yule tu atakayesema mapema, mchana kweupe, "Mama yetu ni mgonjwa wa kusahau. Mkimwona njiani, mleteni nyumbani." Familia inayoficha kwa aibu humwacha mzee wake bila ngao.

Tuliona nyumba moja iliyofanya hivyo. Mwana mkubwa alikwenda kwa naibu wa chifu, kwa wazee wa mtaa, na kwa vijana wa bodaboda pale penye njia panda, akawaeleza wote. Mama akaandika nambari ya simu kwa wino usiofutika ndani ya pindo la gauni la bibi. Tangu hapo bibi amerudishwa nyumbani mara tatu na vijana wale, mara ya mwisho amekaa juu ya pikipiki akifurahi kama bibi arusi, wala hakutaka kushuka.

Naam, furaha zipo. Twataka hilo nalo liandikwe katika taarifa ya mwaka huu, kwani watu hudhani nyumba kama hizo hazina jambo ila machozi. Kuna mzee aliyefanya kazi katika Reli ya Afrika ya Mashariki. Shirika lile lilivunjika mwaka wa 1977, lakini kwa mzee huyu halijavunjika. Kila alfajiri saa kumi huamka akataka nguo zake za kazi, maana zamu yamngoja. Mwanawe alikuwa akishindana naye: "Baba, umestaafu! Baba, reli ile haipo!" Mzee hukasirika, hupiga mlango kwa fimbo, na nyumba nzima huamka. Mkaza mwana ndiye aliyeona njia. Humletea chai, akamwambia, "Gari limechelewa leo, baba, tungoje kidogo." Mzee huketi, akanywa chai, akaeleza habari za magari yaliyochelewa miaka ile na za kila stesheni baina ya Mombasa na Voi, hata usingizi ukamrudia. Mkubwa mmoja wa kanisa alituambia ya kwamba huko ni kumdanganya mzazi. Sisi kwa heshima yote hatukubaliani naye. Anayesema na mgonjwa yafaa aingie katika nchi aliko mgonjwa, kwani mgonjwa mwenyewe hawezi tena kuja katika nchi yetu.

Hali kadhalika kuna mama mjane aliyekuwa akiuliza kila jioni, "Baba yenu bado hajarudi?" Binti yake, kwa kuwa ni mkweli, alimjibu kila jioni kwamba baba alikwisha fariki. Na kila jioni mama alilia kama aliyepata habari ile mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Hebu fikirini mtu kufiwa na mume mmoja mara 30 kwa mwezi. Hatimaye binti aliacha kujibu, akaanza kuuliza yeye: "Akija, mama, utamwambia nini?" Basi mama akafungua kinywa. Akasimulia jinsi alivyomwona kijana yule mara ya kwanza katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, amebeba mzigo uliomzidi na hataki kusaidiwa. Watoto hawakuwahi kusikia habari hiyo. Mama alipokuwa na akili zake zote hakuwa na wakati wa kuisimulia, na wao hawakuwa na wakati wa kuuliza. Siku hizi binti huandika kila neno katika daftari la shule.

Tena kuna bwana mmoja, mwanachama wetu wa zamani, ambaye mkewe amemsahau kabisa. Bwana huyu hakuwahi kushika mwiko tangu kuoa. Leo asonga ugali, afua nguo, na amchana mkewe nywele. Mke humwita "bwana mgeni," akamwonya kwa adabu asikae sana kwa kuwa mwenye nyumba yu karibu kurudi, na ni mtu mwenye wivu. Naye hujibu, "Nitakwenda, mama, nikimaliza vyombo." Alipotusimulia alicheka, nasi tukacheka naye. Kisha akatoka nje kutazama mbuzi, akakaa huko muda mrefu kuliko mbuzi wanavyohitaji.

Na katika nyumba ambayo mgonjwa hakuwa amesema neno la maana kwa majuma mengi, tulipoanza wimbo wa kanisa ili tufunge kwa sala, bibi aliuchukua wimbo ule kwa Kidawida, akauimba beti zote, hata zile ambazo sisi wenye vitabu tulikuwa tukitafuta ukurasa. Wimbo ulipokwisha alitutazama tena kama watu asiowajua. Jambo hili latokea kwa wagonjwa wengi: nyimbo za utotoni na lugha ya mama hubaki hata mengine yakiisha. Kwa hiyo twawaomba wale waliowalea watoto wao kwa Kiswahili na Kiingereza tu wafikirie jambo moja. Ipo siku nyanya yao atakapobakiwa na Kidawida peke yake, na mjukuu hatakuwa na lugha ya kumjibu.

Tumesema ya mgonjwa. Bado mwangalizi, na hapa ndipo hasira yetu ilipo, kama mtaturuhusu kuitumia neno hilo katika mkutano wa heshima.

Katika kila nyumba tuliyoingia, mzigo ulikuwa juu ya mtu mmoja. Ndugu walikuwa wengi, mjini na Ng'ambo, lakini mwangalizi mmoja. Isipokuwa yule bwana tuliyemtaja, wote walikuwa wanawake: binti ambaye hakuolewa au aliyerudi nyumbani, au mkaza mwana. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kwamba saa 70 katika kila saa 100 za kuwatunza wagonjwa hawa hutolewa na wanawake, na kwamba mwaka wa 2019 mtunzaji wa nyumbani alitumia kama saa tano kila siku kwa kazi hiyo. Wale tuliowaona wangecheka kusikia saa tano. Dada mmoja aliacha kazi yake ya dukani hapa Mombasa ili amwangalie mama. Hajalala usiku mzima tangu siku ile. Haendi kanisani, haendi chamani, shoga zake wameacha kumpigia simu. Kila siku afua mashuka, kwani nepi za watu wazima ni ghali na fedha ya ndugu haiji kila mwezi. Ikija, huja na maagizo: mpe mama dawa hii, usimpe chakula kile, kwa nini amekonda? Tumeona ya kwamba katika familia zetu aliye mbali zaidi ndiye mwenye maneno mengi zaidi.

Siku mama yule atakapofariki, ndugu wote watafika. Chama kitatoa gari. Turubai zitasimamishwa, wasifu utasomwa, na kila mtoto atatajwa kwa jina na cheo chake kazini. Dada huyu atakuwa jikoni. Tumehudhuria mazishi ya namna hiyo, na ninyi pia mmehudhuria. Wazee wetu wa kale waliyatunza mafuvu ya wakubwa wao mapangoni, na mengine yangaliko vilimani hata leo, basi hakuna awezaye kusema ya kwamba sisi ni watu tusiojua kuwaheshimu waliokwenda. Tunaloulizwa ni habari za wale ambao wamekwenda nusu, na nusu wangali wameketi barazani wakiomba chai kwa mara ya nne.

Liko na neno la mashamba, nasi twalitaja upesi kwa sababu wanasheria waliomo humu walijua kuliko sisi. Kidole gumba cha mzee asiyejua ni siku gani kimekwisha kutiwa wino katika karatasi zaidi ya moja. Mtu akiisha kupoteza akili kwa ugonjwa, sheria ya nchi yaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali yake. Hiyo ndiyo njia ya halali. Mwana anayemletea babaye karatasi usiku, bila ya ndugu zake kujua, ana lake. Na afadhali mzee mwenyewe aseme na kuandika matakwa yake mapema, wakati dalili ni za kwanza na akili ingali yake.

Vijana mliomo, msidhani mmekuja kusikiliza mambo ya wakongwe tu. Mwaka wa 2024 wataalamu walioandika katika gazeti la udaktari la Lancet walitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote katika maisha ya watu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha kama visa 45 katika kila 100 vya ugonjwa huu. Kati yake ni shinikizo la damu lisilotibiwa, kisukari, sigara, ulevi mwingi, kupigwa kichwani, kutosikia vizuri, na kukaa peke yako bila watu. Wenye pikipiki na wavae kofia zao. Sisi tunaokaa ofisini tangu asubuhi mpaka jioni hatuna budi kutembea.

Twajua yatakayosemwa juu ya maombi yetu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alikwisha tuambia ya kwamba kuwatunza wazazi ni kazi ya watoto, na chama kikiingilia kitawafundisha watoto uvivu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini boma la zamani lilikuwa na mikono mingi: wake wenza, mashangazi, wajukuu wasiokwenda shule. Leo wajukuu wako darasani, mashangazi wako Nairobi, na boma lina mtu mmoja. Mila haijavunjwa na yule aliyebaki. Amebaki nayo peke yake. Wengine watasema ni kazi ya Serikali. Kweli, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 57, yasema ya kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Na mpango wa Inua Jamii tangu mwaka wa 2018 umewapa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Asiyemsajili mzazi wake na aende. Lakini shilingi 2,000 haziwezi kukesha na mgonjwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano ukubali ya kwamba sehemu moja katika kumi ya Mfuko wa Mazishi itengwe kila mwaka kwa ajili ya walio hai: nauli ya kumfikisha mzee hospitali kupimwa, sabuni, nepi, na mashuka kwa nyumba ambazo Kamati itazikagua. Mtunza Hazina atasema mfuko utapungua. Utapungua, naam. Huenda tukazika kwa turubai moja badala ya mbili, na kwa basi moja badala ya mabasi matatu. Twafikiri maiti hataona tofauti.

Lakini fedha ndiyo sehemu ndogo ya ombi letu. Tulipomwuliza kila mwangalizi anataka nini, hakuna hata mmoja aliyetaja fedha kwanza. Mmoja alisema anataka kulala. Mwingine alisema anataka kwenda sokoni polepole, bila ya kukimbia kurudi. Wa tatu alifikiri kwa muda mrefu, akasema angependa kusukwa nywele. Basi twaomba wanachama wajiandikishe kwa zamu: watu wawili wawili, saa nne kila Jumamosi, kukaa na mzee mgonjwa ili mwangalizi atoke. Wa mjini watakwenda nyumba za mjini. Matawi ya Wundanyi, Mwatate na Voi yatapanga yao. Hakuna ujuzi mkubwa unaotakiwa. Usimpime mzee kwa kumwuliza "Mimi ni nani?" kwani swali hilo humwaibisha, mwambie jina lako kila ukiingia, hata kama ni mara ya kumi. Usimkimbize. Usiweke moto wala kisu karibu naye. Ukijua wimbo, imba.

Wenye kuipinga hoja hii twawasihi wasimame waseme leo, hapa ukumbini, wala si njiani ndani ya matatu. Wenye kuikubali watalikuta daftari la zamu juu ya meza ya Katibu, upande wa kushoto wa mlango. Zamu ya kwanza ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Nyumba iko Changamwe. Jina moja limekwisha andikwa, na moja lingali lahitajiwa.